Mama Kevina wa Nsambya

Mtu akiondoka Kisangani kwa njia ya mashariki, akapita Bafwasende, akapita Mambasa na Beni, kisha akavuka mpaka pale Kasindi, ataingia katika nchi ya Uganda. Huko wazee walizoea neno moja ambalo asili yake si ya Kiafrika. Hospitali, au nyumba yoyote inayopokea maskini na wagonjwa, waliiita kevina. Neno hilo ni jina la mtu. Alikuwa mwanamke mzungu, mtawa, wala hakuwa daktari. Tena wengi kati ya wagonjwa waliopokewa katika nyumba zake hawakuweza kuponywa na dawa yoyote ya wakati ule. Waganga wakubwa waliopita Uganda siku zile majina yao yamesahauliwa na watu wa vijijini, lakini jina la mtawa huyu lilibaki katika vinywa vyao. Mwaka 2016, katika jimbo la Lugazi, Kanisa lilianza kuyachunguza maisha yake, ndiyo sababu sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Ndugu wakatekumeni, habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 katika wilaya ya Wicklow, nchi ya Ayalandi, akabatizwa kwa jina la Teresa. Ukoo wake ni Kearney. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, mama yake naye akafa. Bibi yake akamchukua, akamlea, akamfundisha kusali; na huyo bibi akafa Teresa alipokuwa na miaka 17. Basi kabla hajawa mtu mzima alikwisha kufiwa mara tatu, na kila mara na yule aliyemtegemea. Watoto wa namna hiyo wako wengi, hata kwetu. Wengine hukua na moyo mgumu kama jiwe la mtoni, wengine hukua na sikio jepesi la kusikia kilio cha mwenzao. Teresa alikuwa wa hao wa pili.

Alisoma kwa masista, kisha akawa mwalimu msaidizi, maana fedha za kumpeleka chuo cha ualimu hazikupatikana. Mwaka 1895 akaingia utawa kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, karibu na London, na mwaka 1898 akaweka nadhiri zake na kuitwa Sista Maria Kevin. Alitamani kutumwa kwa watu weusi wa Marekani. Akangoja. Wito uliokuja ulikuwa wa Afrika.

Tarehe 3 Desemba 1902 aliondoka London pamoja na wenzake, jumla yao masista sita. Siku zile reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu uliopita. Tarehe 15 Januari 1903 walifika kilima cha Nsambya, pembeni ya Kampala, walikoitwa na Askofu Hanlon wa Mapadri wa Mill Hill. Hao ndio mapadri walewale walioingia Kongo mwaka 1905, upande wa Basankusu. Kisangani wakati ule iliitwa Stanley Falls, na misioni ya Mtakatifu Gabrieli, iliyoanzishwa na Padri Grison siku ya Noeli 1897, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu.

Masista hawakuwa na hospitali. Walikuwa na mwembe. Chini ya mwembe huo walipokea wagonjwa, na watu wakazoea kuja asubuhi, wakaketi kivulini kungoja zamu yao. Mtu wa leo, aliyezoea sindano na vidonge, ni vigumu kwake kuelewa jinsi mikono ya waganga ilivyokuwa mitupu siku zile. Kwinini ilikuwapo kwa homa. Dawa za kusafisha vidonda zilikuwapo. Lakini penisilini haikuwapo, wala dawa ya kifua kikuu, wala dawa ya ukoma. Ndui, homa ya mapafu, kuhara damu, uchungu wa kuzaa uliokwama: mengi ya hayo yalimalizika kaburini, hata kwa wazungu wenyewe katika nchi zao.

Na juu ya yote yalikuwapo malale. Ugonjwa huo ulilipuka kandokando ya Ziwa Viktoria karibu na mwaka 1900. Mgonjwa huanza na homa na maumivu ya kichwa, tezi za shingo zikavimba. Baada ya miezi tabia yake hubadilika: mpole huwa mkali, mwenye akili huanza kusema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Hulala mchana, hukesha usiku. Mwishowe hawezi kushika kijiko, hula akilishwa, hukonda, hulala pasipo kuamka. Watu zaidi ya 200,000 walikufa Uganda kwa ugonjwa huo katika miaka ishirini ya kwanza ya karne ile. Mwaka 1903, mwaka uleule walipofika masista, waganga walihakikisha kwamba mbung'o ndiye anayeuchukua kutoka mtu hadi mtu. Huku Kongo mto wetu ulikuwa njia ya ugonjwa huohuo. Waganga wawili wa Liverpool, Dutton na Todd, walitumwa kuuchunguza, wakafika hata Stanley Falls mwaka 1904. Na Dutton akafa Kasongo mwaka 1905, kwa homa aliyoipata katika kazi yake. Kujua adui ni nani hakukuwa sawa na kumshinda. Dawa iliyojaribiwa kwanza ilikuwa na arseniki ndani yake, ambayo ni sumu, ikapofusha macho ya baadhi ya wagonjwa.

Watu wakaogopa. Wengine wakasema ni uchawi, wengine wakawakimbia ndugu zao wenyewe. Hapo ndipo inapoonekana tofauti ya kuponya na kuuguza. Mganga asiye na dawa ya kuponya aweza kufunga mkoba wake na kwenda zake, wala hakuna atakayemlaumu. Mwuguzaji hawezi. Mgonjwa wa malale aliyelala siku nzima lazima ageuzwe, la sivyo ubavu wake hupata donda linalokwenda mpaka mfupani. Lazima aoshwe, maana hajui tena alipojichafua. Uji lazima utiwe kinywani kidogo kidogo, kwa saburi, asije akapaliwa. Nzi lazima wafukuzwe. Na lazima awepo mtu wa kumwita jina lake, hata kama haitiki. Kazi hiyo haina sifa, wala haiandikwi katika vitabu vya waganga.

Mkatekumeni anajua, au atajifunza karibuni, kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa naye anataka ubatizo, aweza kubatizwa hata na mtu asiye padri, kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Wengi walibatizwa hivyo katika misioni za siku zile. Lakini anayemkimbilia mgonjwa na maji ya ubatizo bila kumletea maji ya kunywa, na bila kumwuliza kama anataka, hajamtendea haki. Kwa masista wa Nsambya sahani ya uji na sala vilikwenda pamoja.

Mwaka 1906 wakafungua misioni ya pili huko Nagalama. Mwaka 1910 Sista Kevin akawekwa kuwa mkuu wa wenzake, na tangu hapo watu wakamwita Mama Kevina.

Ikaja vita kuu ya kwanza. Wazee wa Kongo waliwasimulia watoto wao habari zake, jinsi jeshi la Force Publique lilivyokwenda mashariki mpaka kuutwaa mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916, na jinsi wapagazi, wale walioitwa tenga-tenga, walivyobeba risasi na chakula juu ya vichwa vyao katika mvua na milima. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, watu wengi mno. Upande wao peke yake inakadiriwa kwamba walikufa karibu 100,000, na wengi wao risasi haikuwagusa kamwe. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na njaa, na uchovu. Askari aliyejeruhiwa alichukuliwa kwa machela. Mpagazi aliyeanguka mara nyingi aliachwa njiani.

Hospitali ya Nsambya ikapokea wapagazi hao. Mama Kevina alipoona hali waliyoletwa nayo, alikasirika, wala hakuificha hasira yake mbele ya wazungu wenziwe. Watu wengine hudhani kwamba mtakatifu ni mtu asiyekasirika. Mwanamke huyu alikasirika kwa sababu aliona watu wakitupwa kama mizigo baada ya kubeba mizigo. Siku ya Noeli 1918 serikali ya Uingereza ikampa nishani kwa ajili ya kazi hiyo. Wapagazi wenyewe hakuna aliyewapa nishani. Lakini baadhi yao angalau walikufa wakiwa juu ya kitanda, chini ya shuka, na mtu karibu.

Baada ya vita alianza jambo ambalo faida yake inaonekana hata leo. Aliona kwamba wazungu wachache hawataweza kamwe kuuguza nchi nzima, tena si haki nchi iuguzwe na wageni siku zote. Sheria za Kanisa za wakati ule hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Ruhusa hiyo Roma iliitoa mwaka 1936 tu. Mama Kevina hakungoja. Alimpata daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na kwa msaada wake shule ya wauguzi na wakunga wa Kiafrika ikafunguliwa Nsambya mwaka 1921. Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, akaanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Ilikuwa hekima kubwa, maana mtu anayekaribia kufa hurudi katika lugha ya mama yake. Hata kama alijifunza Kifaransa au Kiingereza shuleni, usiku ule atakapoogopa ataita kwa lugha aliyonyonya nayo, na anayemjibu kwa lugha hiyo amempa kitu kisichopatikana katika chupa yoyote ya dawa.

Kisha ukoma. Mwaka 1932 nyumba za wenye ukoma zikafunguliwa Nyenga, na mwaka 1934 Buluba, kando ya Ziwa Viktoria. Tazameni tarehe hizo vizuri. Dawa ya kweli ya ukoma ilianza kutumika katika miaka ya 1940. Kabla yake waganga walikuwa na mafuta ya mmea mmoja wa Asia waliyowachoma wagonjwa kwa sindano, yenye maumivu mengi na faida kidogo. Basi Mama Kevina alijenga nyumba za ukoma wakati ambapo ukoma haukuwa na dawa. Mtu mwenye akili ya biashara angemshauri angoje kwanza dawa ipatikane. Yeye alitaka wagonjwa waliofukuzwa vijijini wawe na paa, na shamba, na kanisa, na kitambaa safi cha kufungia vidonda, na kaburi lenye msalaba siku yao itakapofika. Na dawa ilipokuja, iliwakuta wagonjwa tayari mahali pamoja na wauguzi tayari kando yao. Daktari mwanamke kutoka Polandi, Wanda Błeńska, alifika Buluba mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatumika huko miaka mingi, na watu wengi wakapona. Uuguzi ulitangulia, tiba ikafuata baadaye.

Hapa yafaa kuruka miaka kidogo, kwa sababu kilima kilekile cha Nsambya kiliona jambo jingine baada ya Mama Kevina kulala kaburini. Maradhi ya zamani mengi yamepata dawa. Lakini watu bado hufa, na wengine hufa kwa maumivu makali, hasa wenye kansa. Mgonjwa wa kansa ya titi au ya kizazi mara nyingi huletwa hospitalini wakati ambapo kisu hakiwezi tena kumsaidia. Hapo daktari husema neno ambalo jamaa zake wanaliogopa kuliko neno lolote: mrudisheni nyumbani. Jamaa huuza mbuzi, huuza baiskeli, huazima fedha, wakamzungusha kutoka hospitali hadi hospitali, kutoka kwa mganga mmoja hadi kwa nabii mmoja, na maumivu yanazidi njia nzima. Mwishowe hufa barabarani, au ndani ya pirogi, mbali na mkeka wake.

Mwezi wa Septemba 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, ambaye zamani alikuwa mtawa wa Medical Missionaries of Mary, alifika Uganda na kuanza kazi ya kuwauguza watu wa namna hiyo. Hospitali ya Nsambya ikamwazima nyumba ndogo ya kuanzia. Dawa yake kubwa ilikuwa morfini ya kunywa. Unga wa morfini huyeyushwa katika maji, hutiwa rangi ili nguvu zake zitambulike, ile nyepesi ikiwa ya kijani, kisha hutiwa katika chupa za kawaida. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, hangoji maumivu yarudi kwanza. Hufunga choo, kwa hiyo hupewa pia dawa ya kulainisha choo. Muuguzi huenda nyumbani kwa mgonjwa, huwafundisha jamaa zake kupima dawa, kumgeuza, kusafisha kidonda kinachonuka. Morfini haiondoi kansa. Humwezesha mtu kulala usiku, kula kidogo, kuongea na watoto wake, kupatana na jirani waliyegombana naye, na kuungama kwa akili timamu kama ni mkristu. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika morfini wenyewe, kwa sababu madaktari ni wachache na vijiji ni vingi.

Wengine huuliza kama si dhambi kumpa mtu dawa ya namna hiyo, au kama si kumwua kwa siri. Swali hilo lilijibiwa zamani. Mwezi wa Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili aliwaeleza waganga kwamba ni halali kuyapunguza maumivu kwa dawa kali, hata kama huenda dawa hiyo ikapunguza pia siku za mgonjwa, mradi nia ni kuondoa maumivu wala si kuua. Novemba ya mwaka uleule akawaeleza tena kwamba mgonjwa halazimiki kutumia kila njia ngumu na ya gharama kubwa ili kurefusha uhai wake. Kumwua mgonjwa ni jambo moja. Kumwacha afe kwa amani, baada ya kufanya yaliyo ya kawaida, akiwa ameoshwa, amelishwa na kutulizwa, ni jambo jingine kabisa. Jamaa anayeamua kutomchukua mzee wake safari ya tatu ya hospitali, akakaa naye nyumbani, asihukumiwe na majirani kwamba amemtupa.

Turudi sasa kwa Mama Kevina, maana naye alizeeka.

Mwaka 1952 masista wake wa Afrika walitengwa na wale wa Uingereza wakawa shirika la peke yake, Masista Wamisionari Wafransisko wa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1955 akaacha ukuu. Alikuwa na miaka 80, na zaidi ya hamsini kati ya hiyo aliitumia katika kazi ya Afrika. Mtu angefikiri kwamba sasa angepewa kiti kivulini huko Nkokonjeru, kati ya mabinti zake wa kiroho, ang'oje siku yake akisali rozari. Sivyo ilivyokuwa. Alipewa kuiongoza nyumba ya masista huko Boston, nchi ya Marekani, ili aombe sadaka kwa ajili ya misioni. Mwanamke mzee wa miaka 80 akaenda katika mji wa theluji kuomba fedha kwa ajili ya hospitali ambazo hatakanyaga tena. Alitii.

Huenda msomaji akaona uzee wa namna hiyo ni mgumu. Ni mgumu kweli. Lakini katika sehemu nyingi za Kongo kuna uzee mgumu kuliko huo. Bibi akiishi sana, akawazika watoto wake na hata wajukuu, huanza kunong'onezwa kwamba amekula miaka ya wengine. Mtoto akiugua, macho ya watu humgeukia yeye. Wako wazee waliofukuzwa katika nyumba walizozijenga wenyewe, na wako waliopigwa. Na mara nyingi wale wanaomfukuza bibi ni walewale watakaolia kwa sauti kubwa siku ya matanga, wakinunua jeneza la bei kubwa kuliko dawa zote walizomnyima. Mama Kevina, yatima aliyelelewa na bibi yake, alifika miaka 80 bado akiitwa Mama, na bado akihesabiwa kuwa mtu wa kazi. Mzee hudhoofika kwa miguu na macho. Ila kitu kinachomvunja upesi zaidi ni kuona kwamba hakuna anayemhitaji.

Alifariki tarehe 17 Oktoba 1957 huko Brighton, katika mji wa Boston, akiwa na miaka 82. Mwili wake ulichukuliwa kwa ndege mpaka Ayalandi, ukazikwa Mount Oliver, katika makaburi ya nyumba ya shirika lake. Kwa desturi ya wazungu jambo lilikuwa limekwisha: mtoto wa Ayalandi amerudi katika udongo wa Ayalandi.

Kwa wakristu wa Uganda halikuwa limekwisha. Habari zilipowafikia, hawakukubali kwamba mama yao alale mbali. Katika nchi zetu mtu huzikwa penye watu wake, ili wanaomkumbuka wapate mahali pa kupiga magoti, na watoto waonyeshwe kwa kidole kwamba huyu ndiye. Nao wakauliza watu wake ni akina nani, kama si hao waliozaliwa mikononi mwa wakunga aliowafundisha, na hao ambao baba zao walifia katika vitanda vya Nsambya, na wenye ukoma wa Nyenga na Buluba ambao hawakuwa na mama mwingine. Wakaomba mwili urudishwe. Ombi kama hilo ni la gharama na la usumbufu, na wakubwa wangeweza kulikataa kwa maneno mazuri. Hawakulikataa.

Kaburi la Mount Oliver likafunguliwa, na Mama Kevina akasafiri tena. Alizikwa Nkokonjeru, katikati ya Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, tarehe 3 Desemba 1957. Siku hiyo ilitimia miaka 55 kamili, tarehe kwa tarehe, tangu alipoondoka London kuja Afrika.